Mfungo Usio na Mwezi

Kijiko cha mbao kiligonga ukingo wa sufuria mara moja, kikanyamaza. Kisha kikagonga tena, polepole, kama mtu anayebisha hodi huku akiomba asisikike. Padri Afedra alikuwa macho tayari. Alilala chali kwenye kitanda cha mtoto wa dada yake, miguu imepita godoro, akimsikiliza Ritah akikoroga uji gizani kwa uangalifu wa mtu anayemtunza mgeni. Mtoto mwenyewe alikuwa amehamia mkekani bila kunung'unika, na kabla ya kulala alimwachia mjomba wake mto.

Padri alikuwa amekuja Arua kuchukua hostia, vile vimkate vya Komunyo, kwa masista wanaozioka. Siku ya Krismasi huja kanisani hata wale ambao hawajaonekana tangu Pasaka, na padri kuishiwa hostia siku hiyo ni aibu kama ya mwenye arusi aliyeishiwa chakula. Leo ilikuwa mkesha. Parokia yake iko Koboko, na alitaka kuwa njiani mapema.

Ritah alimletea uji wa muhogo na mtama, mchachu kwa ukwaju, kama mama yao alivyokuwa akiupika kwao Vurra. Wakakaa kwenye vigoda karibu na moto. Ritah alimtazama akinywa, akangoja kikombe kishuke, ndipo akauliza.

"Dede Ayikoru anaendeleaje? Ulimfikia?"

Dede ni bibi kwa Kilugbara. Ayikoru hakuwa bibi yao wa damu, ila alikuwa mtu wa Vurra kama wao, na mama yao alipolazwa hospitali ya Kuluva, yeye ndiye aliyewapikia hadi mama akarudi. Baadaye aliolewa na askari, akazunguka naye makambini, na mwisho wakajenga Dranya, upande wa Koboko. Ritah hakumsahau. Mwezi huu wote, kila alipompigia kaka yake simu, alimkumbusha kwamba miguu ya dede haifiki tena kanisani, kwa hiyo ampelekee Komunyo kabla ya Krismasi.

Padri alikuwa na mbegu ya ukwaju mdomoni. Ilimpasa kuitema. Aliimeza.

"Yuko salama," alisema. "Anakusalimu."

Uongo ule uliteremka laini kuliko uji. Hakuwa ameupanga, ulikuwa pale tu, umeiva. Ritah alifurahi mpaka akashika kifua. Alisema alijua kaka yake hawezi kumsahau mtu aliyewalisha. Akaingia ndani, akatoka na kopo la simsim iliyosagwa na karanga, limefungwa kwa kipande cha kitenge. Alikuwa ameisaga jioni baada ya kutoka sokoni, mikono yake ikiwa imechoka. Akasema ampelekee, na safari hii amwambie imetoka kwa Ritah.

Ndivyo padri alivyoondoka Arua, hostia zikiwa zimefungwa nyuma ya pikipiki, kopo ndani ya mkoba begani, na uongo tumboni pamoja na mbegu.

Vumbi la kiangazi lilikuwa limeificha milima. Kando ya barabara wanawake walikuwa wakikandika kuta kwa udongo mweusi na mweupe, mihogo imeanikwa juu ya miamba, mbuzi wakivutwa kwa kamba bila kujua sikukuu ni ya nani. Watu walimpungia mkono. Padri aliwajibu kwa kichwa, na ndani ya kofia yake ya pikipiki alikuwa akijisikiliza.

Aliahidi mwenyewe. Jumapili ya kwanza ya Majilio, kipindi kile cha kungoja kinachotangulia Krismasi, alimwambia Duku, katekista wa Dranya, amfikishie dede habari kwamba atakwenda wiki hiyo. Wiki hiyo ikaliwa na mikutano. Iliyofuata, wanakwaya waligombana juu ya sare, akashinda nao akiwasuluhisha. Duku alimkumbusha, bila kulaumu, akizungusha kofia yake mikononi. Padri akamjibu, "Nakumbuka." Duku alikumbusha tena, padri akajibu vilevile. Na alikuwa anasema kweli. Hilo ndilo lililomchoma sasa: hakuwa amesahau hata siku moja.

Tena kulikuwa na siku ile. Siku hiyo alitoka kabisa, Komunyo ikiwa kifuani mwake ndani ya kikopo kidogo cha dhahabu ambacho mapadri huwapelekea wagonjwa. Kwenye njia panda ya Dranya gari la Aliga likamsimamisha. Aliga ni mfanyabiashara, mtu mkarimu, mabati ya kanisa ni yake. Alikuwa amemaliza nyumba mpya na mbuzi alikwisha chinjwa. Padri aje abariki, ni dakika kidogo tu. Padri alibariki chumba hadi chumba. Kisha akaketi, akala. Alipoinama kuchukua mfupa alikisikia kikopo kikimgusa chini ya shati, kwenye kamba yake, akajinyoosha kidogo ili kisimguse. Jua liliposhuka alirudi parokiani, akairudisha Komunyo tabernakulo, kisanduku chake cha altareni, akafunga kwa ufunguo, akapiga goti kama kawaida.

Kama kawaida. Kwa muda sasa kila kitu alikuwa akikifanya hivyo. Alibatiza, alizika, aliinua kikombe, na moyo wake ulimfuata kwa nyuma kama mbuzi anayevutwa. Majilio yote alihubiri vizuri juu ya kungoja; watu walimpongeza mlangoni. Lakini kwenye barabara ile alijiuliza yeye mwenyewe amewahi kumngoja nani, na lini.

Alipofika parokiani alikuta foleni ya watu wanaotaka kuungama. Akawaomba wamvumilie, kuna mgonjwa Dranya. Mzee mmoja akamwambia aende tu, dhambi zao hazitakimbia. Watu wakacheka, wakampisha. Alichukua Komunyo, akaivaa kifuani, akaondoka.

Aliivuka njia panda bila kutazama kando.

Nyumba zilikuwa mbili, zimetazamana, katikati yake uwanja uliofagiwa. Moja ya Ayikoru, nyingine ya Shamim. Wote wake wa marehemu Sulaimani, yule askari. Shamim alikuwa mtu wa Koboko, Mwislamu kama mume wao. Ayikoru alibaki na ukatoliki wake, na Sulaimani hakumkataza kwenda misa. Ila kanisani, mke wa ndoa ya namna ile hakaribii Komunyo. Basi miaka yote ya ndoa Ayikoru alikaa benchi la nyuma, akawatazama wenzake wakiinuka kwenda kupokea. Sulaimani alipofariki ndipo padri aliyemtangulia Afedra alipomrudisha mezani. Alipokea kwa muda mfupi tu, miguu ikakataa.

Ukuta wa nyumba yake ulikuwa umekandikwa upya kwa ajili ya Krismasi, mweusi chini, mweupe juu, udongo bado unanuka. Nyumba ya Shamim haikuwa imeguswa. Shamim alikuwa amechuchumaa akisugua kikombe kwa majivu, na chini ya kucha zake kulikuwa na udongo mweupe. Aliinuka, akaleta kiti, akaleta maji ya kunawa. Alimsalimu kwa heshima zote. Lakini hakusema karibu.

Wake wale wawili walizungumza Kiswahili cha kambini, kwa sababu lugha za mama zao hazikuwa moja, na padri alijua kwamba hapa hata yeye na dede hawasemi Kilugbara, ili Shamim asibaki nje ya mazungumzo.

"Leo amekula," Shamim alisema.

Padri alijibu kwamba ni vizuri, mgonjwa lazima ale.

Shamim alimtazama kama mtu anayepima iwapo mgeni anafanya mzaha au hajui. Kisha akaketi juu ya kinu kilicholazwa, akamweleza.

Tangu Duku alete habari kwamba padri atakuja, Ayikoru hakuweka kitu mdomoni asubuhi. Alifundishwa utotoni kwamba anayetaka kumpokea Bwana hali wala hanywi tangu usiku wa manane, hata maji. Na padri hakutaja siku. Kwa hiyo kila siku ilikuwa ndiyo yenyewe. Shamim alipika uji, akaurudisha. Alipika chai, akairudisha. Ayikoru alikaa mlangoni, ameoga, kitambaa cheupe kichwani, mpaka jua lizame. Hapo ndipo alipokubali kula kidogo, kwa kuwa gizani padri hawezi kuja tena. Kesho yake hivyohivyo. Mwisho Shamim akaacha kupika asubuhi hata chakula chake mwenyewe, maana harufu ilikuwa inavuka uwanja.

"Sisi tunafunga mwezi moja," Shamim alisema. "Tunajua mwezi nyingine itatoka juu, tutakula. Huyu mama hana mwezi ya kuangalia. Alikuwa anangoja wewe tu."

Padri alitazama mikono yake. "Nilisema nitakuja," alisema, akasikia jinsi maneno yenyewe yalivyokuwa membamba.

"Ulisema. Sisi tukisema tutakuja, tunaweka inshallah. Mungu akikataa, hakuna mutu atalia. Wewe hukuweka kitu. Ulisema nitakuja. Yeye akaamini."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayemwonyesha mwenzake mahali ukuta ulipopasuka. Akaendelea. Siku moja mpita njia alisema ameiona pikipiki ya padri njia panda. Ayikoru akaomba kiti chake kigeuzwe kielekee barabara, na siku hiyo hata kivuli kilipomhama hakutaka kusogezwa, asije akawa ndani padri anapofika.

Padri alifumba macho. Alisikia harufu ya mbuzi.

"Sasa leo asubuhi alitaka kusimama, akaanguka pale," Shamim alisema, akaelekeza kidevu mlangoni. "Hakuumia. Lakini mimi nilichoka, Padri. Nilimdanganya. Nilimwambia watu wanasema umeenda Arua, utarudi sikukuu ikiisha. Akalia kidogo. Halafu akakunywa uji, nusu kikombe, mimi nimeshika kichwa yake. Nimekuja kuosha kikombe, nasikia pikipiki."

Aliinua kile kikombe, kilichokwisha kung'aa, akakitazama kama kimemsaliti.

"Nimeharibu?"

Padri alifikiri kwamba labda ni katika saa ileile, alfajiri ile, ndipo wao wawili walipodanganya: huyu ili mtu ale, na yeye ili asiulizwe zaidi. Alimwambia hapana, mama, hukuharibu wewe.

Ayikoru alikuwa amelala kwenye mkeka upande wa kivuli cha nyumba. Alikuwa amepungua. Mkono aliomnyooshea padri ulikuwa na mifupa kama ya kuku, lakini ulimshika kwa nguvu, ukapanda mpaka usoni, ukampapasa kidevu.

"Mtoto wa Vurra," alisema. "Umeleta vumbi yote ya barabara."

Hakuuliza kwa nini alichelewa. Aliuliza habari za Ritah, na kama watoto wa Ritah wanasoma, na kama ule mti wa ukwaju nyuma ya nyumba yao bado unazaa. Padri alijibu yote. Kisha akatoa stola yake, utepe wa kipadri wa shingoni, akaibusu, akaivaa, akatoa kikopo kifuani. Alitaka jambo hili limalizike. Alitaka kuona amepokea, aende zake.

Ayikoru aliinua kiganja.

"Ngoja. Nimekula."

Padri alipiga magoti kando ya mkeka. Alimweleza taratibu kwamba sheria ile ilibadilika zamani. Siku hizi ni saa moja tu, na maji hayahesabiki, na mgonjwa hata hiyo saa moja hadaiwi. Mama Kanisa anawahurumia wagonjwa. Uji ule si kizuizi hata kidogo.

Ayikoru alimsikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, kama anavyosikilizwa mtoto anayeeleza ndoto.

"Sheria iko yenu," alisema. "Hii iko yangu."

Akavuta pumzi. Shamim alikuwa amesimama kwenye pembe ya nyumba, kikombe bado mkononi.

"Nilikaa nyuma siku zote za Sulaimani," Ayikoru alisema. "Wengine wanasimama, wanaenda mbele, mimi nabaki na mabenchi. Nikasema, siku nikiruhusiwa, nitamngoja vizuri. Nisimpokee na uji mdomoni kama mutu hakujua mgeni anakuja."

Padri alibaki na kikopo wazi mkononi. Joto la aibu lilimpanda shingoni, kwa sababu aligundua kwamba pamoja na huruma alikuwa na udhia. Alikuwa amekuja kuutua mzigo, na bibi huyu, bila neno baya, alikuwa anakataa kuupokea. Angeweza kumshurutisha. Angeweza kusema, mimi ni padri wako, nakuamuru. Wapo ambao wangetii. Alikitazama kipande kile cheupe kilicholala ndani ya kikopo, kidogo namna ile, kinyamavu, kikisubiri pale kilipowekwa, iwe ni mbele ya mgonjwa au mbele ya sahani ya mbuzi. Akafunika.

"Dede," alisema, "siku ile kweli nilikuwa njia panda. Nilikuwa nakuja kwako. Aliga aliniita, nikaenda, nikala mbuzi mpaka jua likashuka. Siku nyingine pia nilikukumbuka, sikuja tu. Nisamehe."

Kuku alipita kati yao akidonoa.

"Huyo mbuzi," Ayikoru aliuliza, "alikuwa na mafuta?"

Shamim alicheka kabla hajajizuia, akaficha mdomo kwa upande wa shuka yake.

"Alikuwa na mafuta, dede."

"Basi si vibaya. Kama alikuwa mukavu ningekasirika."

Akampapasa padri kichwani, mara moja, kama anavyofutwa mtoto vumbi. Padri aliinamisha uso.

Alipouinua, alisema iwe kesho asubuhi, kabla ya misa ya kwanza, kabla jua halijatoka. Akataka kusema nitakuja. Neno likagoma kutoka. Alilijua sasa uzito wake, kama mtu anayejua uzito wa gunia alilowahi kumtwisha mwenzake.

"Sema inshallah," Shamim alimwambia kwa sauti ya chini.

"Inshallah," padri alisema.

Akampa Ayikoru kopo la simsim, akamwambia limetoka kwa Ritah. Ayikoru alifungua kitenge, akanusa, akasema atakula jioni hii na Shamim, na kesho asubuhi hatakula.

Padri aliirudisha Komunyo parokiani, kwa mara ya pili. Safari hii aliendesha polepole, mkono mmoja kifuani.

Aliungamisha watu mpaka foleni ikaisha. Yule mzee alikuwa wa mwisho, na dhambi zake kweli hazikuwa zimekimbia. Jioni, kabla ya misa ya mkesha, alimpigia Ritah simu. Alimwambia kwamba asubuhi alimdanganya: alikuwa hajamfikia dede, amemfikia leo tu, na hata leo mambo hayajakamilika. Padri alisikia watoto wakizozana nyuma ya Ritah, sufuria ikifunikwa.

"Simsim alipokea?" Ritah aliuliza hatimaye.

"Alipokea."

"Basi kesho usichelewe," alisema, akakata simu. Baadaye kidogo akapiga tena, kumwambia asisahau kuvaa sweta, asubuhi kutakuwa na baridi.

Misa ya mkesha ilijaa. Padri alikuwa ameandika mahubiri marefu juu ya kungoja. Aliyaacha sakristia, chumbani anapovalia. Alisema maneno machache tu kuhusu mama aliyejifungua mahali pasipo pake na wale waliompa nafasi, akaketi. Watu walitazamana, wakadhani anaumwa. Baada ya misa mpishi wa parokia alimwekea chai na nyama. Alikula, kisha usiku ulipofika katikati akaacha kila kitu, hata maji. Hakuwa na hakika kwa nini. Alitaka tu kujua.

Alfajiri ya Krismasi aliamka na kiu. Haikuwa kubwa. Lakini ilikuwa yake, na ilimfuata mpaka kwenye pikipiki. Baridi iliuma, akashukuru kwa sweta. Njia nzima hakukutana na mtu, na alipofika njia panda ileile gurudumu la nyuma likalegea, pikipiki ikayumba, ikakaa. Msumari. Alisimama pale akiutazama kana kwamba Aliga mwenyewe ametokea tena barabarani. Kulikuwa kunaanza kupambazuka. Kwa miguu angefika, ila jua lingemtangulia, na waumini Koboko wangebaki bila misa.

Mtu alikuja kwa baiskeli kutoka upande wa msikiti, kofia nyeupe kichwani. Aliitwa Siraji, padri alimfahamu kwa sura, huuza sabuni na chumvi sokoni. Siraji alilitazama gurudumu, akamtazama padri, akaona mkono wake uliofunika kifua.

"Iko haraka?"

"Kuna mama ananingoja."

Siraji alishuka, akamkabidhi baiskeli. Alisema atabaki na pikipiki, jirani yake ana viraka, padri atakuta imezibwa. Padri alipoanza kumshukuru, Siraji alimwambia aende kwanza, shukrani si kitu cha kuoza.

Padri wa Koboko aliingia Dranya siku ya Krismasi akiendesha baiskeli ya muuza sabuni, kanzu ameikunjia kiunoni, jasho na baridi vikimshindania mgongoni. Nyumba nyingi zilikuwa zimeshaanza kutoa moshi. Kwenye zile nyumba mbili zinazotazamana hapakuwa na moshi wowote. Mafiga ya Ayikoru yalikuwa baridi. Mafiga ya Shamim yalikuwa baridi pia, kuni zimepangwa kati yake, hazijawashwa.

Ayikoru alikuwa ameketi kwenye kiti mlangoni, kitambaa cheupe kichwani, miguu imeoshwa na kupakwa mafuta. Shamim alikuwa ameketi chini kando yake, bega lake likimzuia asianguke. Padri alivaa stola. Aliomba sala zile alizozisema mamia ya mara, ila koo lilikuwa kavu, ikabidi kila neno alitafute, alilowanishe, ndipo alitoe. Alipoinua Komunyo, Shamim aligeuza uso upande mwingine kwa heshima, lakini bega hakuliondoa.

"Mwili wa Kristo."

"Amina," alisema Ayikoru, akafumba macho, na midomo yake ikafunga polepole.

Padri alikaa chini mavumbini, mgongo kwenye ukuta uliokandikwa. Hakusikia sauti kutoka mbinguni. Alisikia jogoo, na tumbo lake, na pumzi za bibi. Alisikia pia kwamba kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu hakuwa na haraka ya kwenda popote, ingawa alikuwa na kila sababu ya kuwa nayo.

Shamim alimpa Ayikoru maji. Akampa na padri bila kumuuliza kama ana kiu. Kisha akawasha moto kwake na kwa Ayikoru. Moshi wa Dranya ukapata wenzake wawili. Muda si muda kijiko cha mbao kiligonga ukingo wa sufuria, kikagonga tena, kikaendelea kugonga, bila kumwogopa mtu yeyote.

Walikunywa uji pamoja, wameuchanganya na simsim ya Ritah. Ayikoru alikunywa kikombe kizima na akalamba ukingo. Shamim alisema Krismasi hii imekuwa Idi. Jua lilikuwa limepanda juu ya majani ya muhogo, na padri alijua watu wanamtazamia kanisani. Alisimama, akaikunjua kanzu, madoa ya udongo mweusi na mweupe yakiwa yamebaki mgongoni. Shamim alitaka kumpangusa, padri akamwomba ayaache.

Akainama kuaga. Ayikoru alimshika mkono kwa vidole vyenye mafuta ya simsim, akamvuta karibu mpaka masikio yao yakagusana.

"Njoo tena," alimwambia. "Lakini usiniambie siku. Kungoja iko yangu."

Shamim alimsaidia kusogeza kiti kivulini. Ayikoru alimwonyesha kwa mkono jinsi ya kukigeuza, kidogo, na kidogo tena, hadi kikaelekea njiani.